Wifi anasema ni sumu

Kasongo, siku ya tatu ya juma, usiku

Nimefanya vizuri ao vibaya, mimi sijui tena.

Wifi Mariamu alifika leo na pikipiki kutoka Wamaza, na chupa ya dawa ya mizizi. Niliporudi kutoka shambani nilimukuta kaka yake, bwana wangu, ameinama juu ya bakuli, anatapika.

"Acha itoke," wifi anasema. "Walimulisha sumu kule Salamabila, alikokuwa anachimba zahabu. Mutu mwenye nguvu vile hawezi kukauka bure."

"Wifi, docta alituonyesha kwenye ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo. Ni kansa ya ini. Alikataza kabisa dawa za mizizi, ini lake halitaziweza."

"Na docta wako alimupa dawa gani?"

Docta alisema uvimbe haujatoka nje ya ini, bado unaweza kuzuiwa, lakini mashine za kazi hiyo ziko Kinshasa. Tangu siku ile bwana wangu anameza vidonge vya maumivu, tunangoja. Tunangoja nini...

Nilichukua chupa nikaimwaga nyuma ya choo. Aliyekasirika si wifi, ni bwana wangu mwenyewe. "Mama Furaha, umemwaga kitu kimoja tu nilichokuwa nacho." Akageukia ukuta mpaka usingizi ukamuchukua.

Docta iko na haki, ninajua. Lakini kansa hakuna mutu hapa aliyeiona ikipona. Sumu watu wanaitapika, wanarudi shambani.

Ee Bwana, unisamehe. Nimepiga magoti sasa hivi, nikakuomba iwe sumu kweli.