Ukili wa Mama Umelegea

Jumapili, mwezi wa tano. Kengele ya jioni bado.

Leo mvua imetupumzisha. Jua limewaka tangu asubuhi, matope ya njiani yameanza kushika, na mimi nimerudi bwenini na nusu ya Michenga, kijiji chetu, miguuni. Wenzangu wako uani wanasukana nywele na kucheka. Mimi nimejibanza kitandani na daftari hili, maana nikikaa nao wataniuliza habari za nyumbani, na sijui niwajibu nini.

Nianze na yaliyo mepesi.

Maisha ya mwanafunzi wa uuguzi ni kengele. Ya kuamka, ya misa, ya wodini, ya darasani, ya chakula, ya kulala. Kati ya kengele moja na nyingine hubaki vipande vidogo vya muda visivyo na mwenyewe, na mimi nimekuwa mwizi wa vipande hivyo. Nikiwekwa kulinda sindano zinazochemka, nasuka ukili wa mkeka. Nikingoja zamu yangu ya pasi ya mkaa, nasuka. Siku moja Sista anayetufundisha alinikuta na ukindu mapajani karibu na jiko la wodi. Alinitazama kwa muda, akasema nikaoshe mikono upya mpaka kwenye viwiko, akaenda zake. Nilichukulia hiyo kuwa ni ruhusa.

Rehema, ambaye kitanda chake kimepakana na changu, hunisomea majina ya mifupa nami nayarudia huku vidole vikiendelea na kazi yao. Anasema siku ya mtihani itabidi niombe na ukindu, la sivyo nitasahau hata mfupa wa goti. Ana mdomo yule, lakini anasema kweli. Kichwa changu hutulia mikono ikiwa na shughuli.

Ukili ni kazi ya kubebeka. Ni utepe tu, upana wa vidole vichache, unausuka na kuuviringisha kadiri unavyorefuka. Mkeka wenyewe huja mwishoni, utepe unapozungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upate upana wa kulalia. Tangu nikiwa mdogo, mimi na mama tumekuwa tukitengeneza mkeka mmoja kila mwaka. Yeye alinifundisha kuchana ukindu, kuuchemsha na rangi, kuulowesha usikatike. Nilipoingia chuo nilimwambia mwaka huu tusahau, masomo hayataniachia nafasi. Akaniambia, "Suka wako huko, nami nisuke wangu huku. Tutaunganisha." Kwa hiyo huu wa mwaka huu tumeusukia nyumba mbili, mwekundu na mweupe, kila mtu na pande lake.

Raha yake hasa si mkeka. Wodini kila ninachokishika ni maumivu ya mtu. Nikifunga bandeji vibaya, kuna mtu atalala akiugulia. Ukili nikikosea, nafumua, nasuka tena, na hakuna aliyeumia. Nikiwa na ukindu uliolowa mkononi na karanga za kukaanga mfukoni, mimi ni tajiri.

Basi leo baada ya misa niliomba ruhusa, nikabeba furushi langu la ukili kwapani, nikashika njia ya Michenga. Njiani niliukagua kila nilipopumzika. Niliona umekaza na umenyooka. Nilikuwa na hamu ya kusifiwa, sitaki kudanganya.

Nilimkuta mama uani na jirani yetu, mama Kalista, wanakaanga mpunga mbichi wa pepeta. Huu ndio msimu wake. Mpunga haujakomaa vizuri, una maziwa maziwa bado. Unaukaanga chunguni, unautwanga ungali wa moto mpaka punje zilainike na kuwa bapa, unapepeta, unakula. Hospitalini tunakula vizuri, lakini hakuna siku wataniletea pepeta. Nilimwamkia mama, nikamwamkia mama Kalista, nikachukua mchi bila kuambiwa.

Tulipokuwa tunapumua, mama Kalista akataka kuona kazi ya msomi. Nikafungua furushi. Mama naye akaingia ndani, akaleta pande lake. Tukayatandaza sambamba juu ya mkeka wa zamani.

Wangu ulikuwa umekaza kuliko wake.

Mama Kalista ndiye aliyesema kwanza. "Haya sasa. Leo mwanafunzi amempita mwalimu." Mama akacheka, akasema macho yamechoka, na ndege wa mpunga mwaka huu hawampi mtu nafasi ya kukaa chini. Nami, badala ya kunyamaza, nikamwambia ukili wake hata kambale angepita. Tukacheka wote watatu. Nilifurahi. Mama ni fundi anayejulikana mpaka kwa wavuvi wa mtoni, watu huja kumwagiza mikeka ya arusi, na mimi mwanawe nimempita nikisuka kwa vipande vya kuiba kati ya kengele mbili. Furaha ile ilinijaa mpaka masikioni.

Kisha mama akainuka kuepua chungu.

Aliushika ukingo kwa mkono wa kushoto, mtupu, bila kitambaa. Akakiinua, akakibeba polepole mpaka kwenye kinu, akamimina, huku anasimulia habari za nguruwe walioingia shambani kwa jirani. Hakuharakisha. Hakupuliza vidole. Mama Kalista akacheka, akasema, "Mikono ya mama Theodora haijui moto." Inaonekana ni utani wao wa siku nyingi. Mimi nilikuwa karibu, nikaona ngozi ya kidole kidogo imegeuka nyeupe na kuanza kututumka, na kando yake kuna kovu la kuungua la zamani, na jingine.

Wiki hii tumefundishwa ukoma. Sista alisema ugonjwa huu haupigi kelele. Alisema wagonjwa wengine tunawauliza wanaumwa wapi, lakini huyu tumuulize ni wapi hasikii. Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri, nikayapigia mstari kwa rula, nikafunga daftari nikaenda kupanga foleni ya pasi.

Nilirudi kwenye ukili wa mama nikajifanya naukunja. Niliupitisha wote mkononi kuanzia mwanzo. Mwanzoni ulikuwa wa mama kabisa, umebana, huwezi kupenyeza ukucha. Halafu mahali fulani ulianza kulegea upande mmoja, kidogo tu, kisha zaidi, na haukupona tena mpaka mwisho. Upande mmoja tu. Ule unaovutwa na mkono wa kushoto.

Macho hayahusiki. Mama husuka huku anaongea na watu, hatazami. Ni ncha za vidole ndizo zinazojua ukindu umebana kiasi gani na basi.

Nilingoja mama Kalista achukue fungu lake la pepeta na kuaga. Nilipobaki na mama nilimwomba akae, afumbe macho, anipe mikono. Zamani nikiwa mtoto tulikuwa na mchezo kama huo, wa kukisia kidole kilichoguswa, kwa hiyo hakushangaa. Au alijifanya hakushangaa. Nikachukua uzi mmoja wa ukindu, nikamgusa kwa ncha. Mkono wa kulia alitaja kila kidole bila kukosea, anatabasamu. Nikahamia wa kushoto.

Alikaa kimya, amefumba macho, anangoja.

"Haya, anza," akasema.

"Nimeshaanza, mama."

Akafumbua macho. Hakuutazama mkono wake, alinitazama mimi. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akanionyesha baka juu ya kiwiko, lililopauka, kubwa kama jani la boga changa.

"Unadhani sijui? Najua tangu tulipopanda mpunga."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, nami niko mahali penye dawa. Akajibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. "Nikuambie, halafu? Wajue huko, wakuvue gauni, wakurudishe. Nani atakubali binti wa mkoma ashike wagonjwa wao? Wewe maliza. Mimi nina mkono mwingine."

Nilichokiwaza hapo sipendi kukiandika, lakini daftari hili nililinunua kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Niliwaza gauni langu jeupe. Niliwaza jinsi Sista atakavyonitazama, jinsi Rehema atakavyosogeza kitanda chake upande wa ukuta. Niliwaza kwamba kama mama amevumilia kimya tangu kupanda, anaweza kuvumilia mpaka nimalize mtihani, na hapo nitamtibu mwenyewe, bila mtu kujua. Lilikuwa wazo zuri sana. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa vidole vya mama.

Maana Sista alisema na hilo pia. Mkono unaocheleweshwa hujikunja, na ukishajikunja haukunjuki.

Nikamweleza mama yote niliyofundishwa. Kwamba siku hizi kuna vidonge. Kwamba wengi wanatibiwa na kurudi makwao. Kwamba ugonjwa huu si laana wala si wa kurithi. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu, kwa heshima na mashaka. Anamkumbuka dada wa baba yake, ambaye walimvusha mto kumpeleka kwenye kijiji cha wakoma, watu wakilia kama wanaosindikiza jeneza, na hakurudi. Kwa mama, huo ndio ukoma. Vidonge ni maneno yangu tu.

"Nikimeza hivyo vidonge, vidole vitarudi kusikia?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. "Sijui, mama. Vilivyolala huenda visiamke. Lakini hivyo vingine havitalala."

Aliinama akamfukuza kuku aliyekuwa anadonoa kwenye ungo. Akachukua muda mrefu kwa kuku mmoja. Akasema, "Basi tuvune kwanza."

Nikasema hapana. Mimi sijawahi kumwambia mama hapana bila kuongeza maneno mengine ya kulainisha, na leo sikuongeza. Mpunga una watu wa kuuvuna. Mama Kalista yupo, na wajomba wapo. Nadhani sauti yangu ilimshtua, maana alinitazama kama anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi, halafu uso ukalegea na nikaona jinsi alivyochoka kulibeba jambo hili peke yake.

Alilia kidogo. Mimi nililia zaidi, na ikawa yeye ndiye wa kunibembeleza, kwa mkono ule ule, ananipigapiga mgongoni kwa nguvu kuliko kawaida kwa sababu hajui anapiga kiasi gani.

Baadaye tulikula pepeta. Sijui kwa nini naona vigumu kuandika hivyo, kwamba tulikaa tukala, na ilikuwa tamu. Nilimfunga kidole kwa kitambaa safi, nikamwonyesha namna ya kukitazama kila jioni, na kuvikagua vingine, kwa kuwa havitampa taarifa tena. Akaniambia nimekuwa mwalimu mkali. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba na hapo ndipo alipotoa sharti lake.

"Uje wewe mwenyewe. Sitaki kufuatwa na mtu wa hospitali, watu wakasimama milangoni."

Nikamwahidi.

Sasa niko hapa, na ahadi ni ahadi. Kesho kabla ya kuingia wodini nitakwenda kwa Sista, nitamweleza habari yote, ya mama na ya hofu yangu, na nitaomba ruhusa ya kwenda kumchukua. Sijui atasema nini. Huenda akasema vema, na mimi nimejitesa bure Jumapili nzima. Huenda akaniambia nikae kando mpaka nipimwe. Huenda yale aliyotufundisha darasani yakawa ya darasani tu. Nimejaribu kuipanga hotuba yangu na kila mara nakwama kwenye neno la kwanza. Nitasema tu, "Mama yangu anaumwa." Mengine yatafuata.

Rehema nimwambie leo au kesho? Leo. Asije akayasikia kwa mwingine. Kama atasogeza kitanda, na asogeze nikiwa namwona.

Mama alisema hataki watu wasimame milangoni. Nimelifikiria hilo njia nzima. Ingewezekana kupita njia ya pembeni, kwenye majaruba ya mpunga, alfajiri, yeye amejitanda khanga mpaka puani. Dada wa babu hakupewa hata nafasi ya kuchagua njia. Lakini nikimpitisha mama mafichoni nitakuwa nimekubaliana na wote wanaosema hili ni jambo la kuficha, na mimi mwenyewe leo, kwa kitambo, nilikuwa mmoja wao.

Nitamwomba tupite njia kubwa, mchana. Nitamshika mkono wa kushoto. Pengine hatajua kwamba nimemshika mpaka atazame. Basi atatazama, na wa milangoni nao watatazama, na mimi sitauachia.