Saa Sita Nilizozificha

Jumanne, 9 Septemba

Nimeisoma tena ile taarifa ya watengenezaji wa programu, na maana yake haibadiliki. Maktaba ya programu, yaani msimbo wao tunaoutumia kusoma saa kwenye mtambo wetu wa barafu, itapata toleo jipya mwezi ujao, na halitakubali tena saa za kubuni, zisizo kwenye orodha rasmi.

Saa hizo nilizibuni mimi. Bi Mwanaidi, anayesimamia mtambo, aliona kioo kimeandika 19:00 akanigeukia. "Kumi na tisa ndiyo saa gani, mwanangu? Ya majini?" Nikacheka, nikarudisha saa ya mtambo nyuma saa sita, nikaifanya ihesabu hadi kumi na mbili tu, kioo kisome kama tunavyosema. Sikumwambia mtu mwingine.

Leo nimejaribu toleo jipya kwenye kompyuta yangu. Halikulalamika. Limezipuuza tu saa zangu sita, na kwenye jaribio hilo mashine ya ubaridi iliyopaswa kuwaka saa moja asubuhi ikawaka saa saba usiku, ile 01:00 ya kompyuta, ikazima asubuhi, wakati kina mama wa Tongoni wanaleta samaki.

Kurekebisha ni lazima tuzime mtambo siku nzima, na nieleze kwa nini.

Jioni meneja kaniuliza, "Mtambo vipi, uko salama?"

Nikamjibu uko salama.