Niliketishwa Upande wa Hoteli

Mwende dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, maana leo ametushindia huku pwani. Ule msitu walikozikwa wazee wa mume wa Ndinda wetu, tajiri alitaka kuufyeka ajenge hoteli, ndiyo kaunti ikaitisha mkutano. Kijana wa hoteli aliposikia Kiswahili changu cha kwetu Nunguni, alidhani mimi ni wa wale waliokodiwa kutoka bara waje kupiga makofi. Akanivisha kofia yao, akanipa soda, akaniketisha mbele kabisa. Soda nilikunywa, Mungu anisamehe, jua lilikuwa kali.

Afisa wa kaunti akauliza, "Nyinyi wa mbele, mnaitaka hii hoteli?"

Nikaomba kimoyomoyo, nikasimama, nikavua kofia. "Mimi binti yangu ameolewa hapa. Wazee wa wajukuu wangu wamelala kwa huo msitu. Kwetu, ukitaka kujenga baa juu ya kaburi la baba yangu, utanikuta hapo na jembe."

Mama mkwe wa Ndinda akapaza sauti kule nyuma, "Waambie, mamake Ndinda!"

Wale wa kukodiwa wakaanza kuvua kofia pia, wakicheka kwa aibu. Mwishowe afisa akasema hoteli haitajengwa pale, msitu ubaki wa wenyewe. Tuliimba sote, Waislamu na sisi wa kanisa, mpaka koo zikauma.

Kesho wananipeleka msituni. Huko watu huingia bila viatu, nami nitavua, kwa sababu sasa wananiita mwenyeji. Bwana awafunike hapo nyumbani, na mvua iwafikie.

Dadako, Kalekye