Mizinga ya Ng'ambo

Rungwa, Jumatano

Leo tena kamati ya mikoa miwili, na miguu imechoka. Wanapanga msitu wa mpakani uwe na utaratibu mmoja, huku kwetu na ng'ambo, upande wa Mbeya. Mzinga wa nyuki usio na mwenyewe utakuwa mali ya kijiji cha ujamaa kilicho karibu. Mizinga ya marehemu mume wangu yote iko ng'ambo, na hakuniachia kingine.

Afisa mipango akauliza, "Mama, mwenye mizinga hii yuko wapi?"

Nikasema amefariki. Akaandika: haina mwenyewe.

Ndipo Mzee Kapama, mrina asali wa ng'ambo, akasimama. "Kijana, mizinga ile ina alama ya marehemu, mikato mitatu na duara. Sisi wenye uroho wa asali hatujaigusa tangu msiba. Wewe unairina kwa kalamu?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akafuta.

Akaniambia nitie jina langu. Nikachora mikato mitatu na duara, polepole, kama alivyokuwa akichonga mume wangu, ncha ya ulimi ikiwa nje.