Gundi ya Serwaa

Jumatatu, 7 Januari

Mama mdogo Birago ametoa amri. Haingii kwenye teksi yangu Jumamosi kama jina la "yule mwanamke" bado liko kwenye kioo cha nyuma. Twende Krobo kugonga mlango kwa kina Maku, tumebeba chupa za pombe ya jini na soda, tunaomba mchumba — na mgongoni mwa gari tumeandika SERWAA! Kwa herufi nyekundu! Watu watauliza, anasema, huyu amekuja kuposa au amekuja kumtafuta aliyemkimbia? Nilimaliza fufu yangu.

Kazi ndogo, nikajiambia. Unashika ncha ya stika, unavuta, kwisha. Nikashika ncha, nikavuta. Ngozi nyekundu ya juu ikabanduka vizuri kabisa, hata nikaicheka. Chini yake imebaki gundi. S, E, R, W, A, A — zote zipo, nyeupe, zinanata kama bamia. Kabla ya jioni upepo wa harmatani ukapita na vumbi lake la jangwani, likajibandika palepale. Sasa jina ni la kahawia, na linasomeka kutoka mbali zaidi.

Hongera, Opare. Umemwandika upya.

Jumanne, 8 Januari

Stendi nzima ya Koforidua imegeuka chuo cha kubandua stika. Kila dereva ana dawa yake. Petroli, kasema mmoja. Nikapaka petroli, gundi ikalainika, ikajitandaza kama mgeni aliyepewa mkeka. Wembe, kasema kinyozi wa pale pembeni. Nimekwangua nusu ya S na nusu ya kidole gumba. Dawa ya meno — gari linanukia kama linakwenda shule. Siagi ya shea — sasa vumbi limepata mahali pazuri zaidi pa kulala.

"Serwaa! Vipi, bado hajakubali kutoka?" Ndivyo wanavyoniita. Hapa dereva anaitwa kwa maandishi ya gari lake. Kuna Mungu Yupo, kuna Usinihukumu, kuna Subira, ambaye ni mkorofi kuliko wote. Na mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, ni Serwaa.

Fundi aliyenikatia zile herufi aliniuliza: kaka, una uhakika? Nikamwambia weka gundi ya nguvu, haya ni mapenzi ya maisha. Gundi akaweka. Serwaa hakumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Alikwenda Kumasi na mwuza saruji.

Mimi nikaliacha jina. Watu walidhani ni uaminifu. Ni uvivu tu, na labda kidogo nilitaka apite siku moja alione. Sawa, si kidogo.

Jumatano, 9 Januari

Maji ya moto. Ndimu. Mafuta ya mawese — bora nisieleze. Kioo kinafanana na sufuria ya supu.

Kuna jambo Mama mdogo halijui, acha niliandike mara moja nipumue. Siku ya kwanza Maku alipopanda na masanduku yake ya shanga, aliniuliza Serwaa ni nani. Nikasema: mama yangu, marehemu. Maneno yalitoka yenyewe, sikuyatuma! Maku akaweka mkono kifuani. Akasema mwanamume anayemtunza mama yake hivi anafaa kuangaliwa vizuri. Nami nikaangaliwa vizuri. Ningefanyaje?

Mama yangu ni marehemu kweli. Tatizo ni kwamba aliitwa Konama.

Alhamisi, 10 Januari

Siku ya soko la shanga. Nilipanga kuegesha mbali. Maku akaniona, bila shaka. Teksi iliyopakwa mawese haifichiki. Akazunguka nyuma ya gari. Akasimama.

"Unamfuta mama yako? Wiki hii ya posa?"

Nikasema stika ilichakaa kwa jua, nataka kuweka mpya. Uongo wa pili hauchomi kama wa kwanza, nimegundua.

Uso wake ukalainika. Akafungua chupa yake ya maji, akalowesha ncha ya kitambaa cha kichwa, akaanza kupangusa kioo. Siyo jina! Pembeni ya jina. Alifuata mkunjo wa S, akazunguka E taratibu, asiiguse. Alikuwa anamsafishia mama mkwe. Nilisimama pale na chupa ya mafuta ya taa mkononi, na aibu ilinishika mpaka masikioni. Nampenda huyu mwanamke. Sikujua kiasi gani mpaka nilipomwona anamhudumia Serwaa.

"Nimeshamwambia baba mkubwa Nartey," akasema. "Jumamosi akiwamwagia wazee waliotangulia kinywaji, atamtaja Mama Serwaa kwa jina."

Watammwagia jini Serwaa! Chini, mchangani, apumzike kwa amani! Serwaa ambaye yuko Kumasi, mzima wa afya, ananenepa kwa saruji!

"Maku," nikasema.

"Niambie."

"Una vumbi kwenye nyusi."

Shujaa wa Koforidua.

Ijumaa, 11 Januari

Nimekwenda kwa Mama mdogo, nimwambie yote, liwalo na liwe. Alikuwa anapiga pasi nguo za kesho. Nikaanza vizuri. "Mama mdogo, kesho wakikuuliza jina la mama yangu..."

Akaweka pasi chini. Akasema siku hii ameingoja tangu dada yake afe. Atasimama mbele ya Wakrobo wote alitaje jina la Konama kwa sauti, huko aliko asikie kwamba mwanawe hakuachwa peke yake. Akafuta machozi kwa kona ya nguo aliyokwisha kuipiga pasi.

Mimi? Nikasema nilitaka tu kujua kama atalikumbuka.

"Nimsahau dada yangu? We mtoto, kichwani mwako mna nini?" Na kofi la bega. Nilistahili mawili.

Alasiri nikahamishia hasira kwenye kioo. Mafuta ya taa, sabuni ya kipande, sifongo ya kamba, na matusi. Limetoka! Naapa! Kioo kimekuwa safi. Nilisimama nyuma ya gari nikajiona mwenyewe, uso mzima, bila jina la mtu juu yake. Nusura nilie. Nimejiambia kesho asubuhi, kabla ya kikao, nitamvuta Maku pembeni nimwambie ukweli. Mapema kabisa.

Jumamosi, 12 Januari

Sikumwambia. Asubuhi kulikuwa na matairi ya kujaza upepo. Kulikuwa na tai ya kufunga. Kulikuwa na woga.

Naandika haya ndani ya teksi, uani kwa kina Maku. Wanaonisemea ndani ni Mama mdogo na Mjomba Ofosu. Mwenye haja yake hukaa nje kama mzigo mpaka aitwe. Huwa naiona desturi nzuri.

Njiani tulifuata lori la mchanga, barabara yote ya vumbi. Tulipofika nikashuka kutoa chupa kwenye buti, nikatupa jicho. SERWAA. Amerudi! Kila herufi, hata ile nusu ya S niliyoimwagia damu. Kumbe gundi ilikuwepo muda wote, haionekani tu, inangoja vumbi. Nikaacha buti wazi, kwa sababu mfuniko wake ukiinuka unaziba kioo. Nilijiona nina akili sana. Mama mdogo akapita bila kuona kitu.

Kisha akaja baba mkubwa Nartey kutupokea, mtu wa adabu zake. "Mkwe, vumbi litakuingilia humu." Akalifunga buti kwa mikono yake mwenyewe. Akalisoma jina. Akavua kofia!

"Karibu nyumbani, mama," akakiambia kioo. Akavaa kofia, akaingia ndani.

Dirisha lao liko wazi, nasikia kila kitu. Mjomba amesema tumepita tukaona ua limechanua katika nyumba hii. Wamecheka. Wamempa soda. Chupa ya jini imefunguliwa. Sasa Mzee Nartey anamwagia wazee, anawaita wa kwao, babu huyu, bibi yule. Sasa anakuja kwa wa kwetu. Nimeshika usukani kana kwamba gari linatembea.

"Na wewe Serwaa, mama yake Opare, njoo unywe pamoja nasi."

Halafu Mama mdogo, polepole, kwa ile sauti inayotangulia kofi: "Serwaa gani?"

Mtu anakohoa. Mjomba anasema kitu kuhusu njia kuwa ndefu na watu kuchoka. Mama mdogo hamsikilizi. Anataja jina la Konama. Analitaja kwa sauti, kama alivyoahidi. Analitaja tena.

Mama, nisamehe. Leo ilikuwa siku yako.

Mlango unafunguka. Maku. Peke yake. Kavaa shanga za manjano, zile za bibi yake, na amependeza mpaka nataka kulitoroka gari. Haji dirishani kwangu. Anapita bila kunitazama, anakwenda nyuma.

Namwona kwenye kioo kidogo cha dereva. Kioo hiki hunyoosha herufi za nyuma zikasomeka sawasawa. Ndivyo nilivyomsoma Serwaa kila siku ya kazi, nitake nisitake. Maku anasoma jina. Ananyoosha kidole. Anaandika kwenye vumbi, chini yake, bila haraka, kwa mwandiko wa mtu aliyefuzu vizuri shuleni.

ALIKUFA LINI?

Halii. Sijui kama anacheka. Kuna kitu pembeni ya mdomo wake, ila herufi ya W imesimama palepale siwezi kuona. Anangoja. Ndani Mama mdogo ananiita, jina lote, mpaka la ubatizo. Kitambaa cha mafuta ya taa kiko mapajani. Nimeshusha mguu mmoja. Nikilifuta jina, swali lake nalo litafutika, na ataona nimelikimbia hilo pia.

Hajaondoka. Amerudia alama ya kuuliza, anaikoleza.