Seva ya Chanelle

Avenue ya 9, Buyenzi,
Bujumbura.
14 Februari 2024.

Mpendwa dada Assia,

Assalam alaykum. Hujambo huko Namur, na baridi inakutendaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Goti la mama limepungua maumivu, na kila Ijumaa anauliza kama ulipiga simu ukamkosa.

Mimi mwili mzima, roho ndiyo inaumwa. Nina wivu, dada, wivu wa kunikosesha hata hamu ya kula.

Unaijua sekretaria ya mjomba Hamimu pale Rohero, tunapochapa na kutoa kopi. Mwaka wa tisa huu mimi ndiye fundi wake. Kompyuta tano, printa tatu, na kila aliyetaka kuchapa aliniita nihamishe kazi kwa flashi. "Rachid! Rachid!" kutwa nzima. Nilikuwa nalalamika, kumbe nilikuwa napenda.

Mwezi uliopita mjomba akamwajiri binti mmoja, Chanelle, katoka chuo juzi. Akaichukua kompyuta kuukuu niliyokuwa nimeitupa chini ya meza, akaiunga na ruta, kile kisanduku cha mtandao, akaifanya seva ya printa. Sasa kompyuta yoyote, ya Windows au ile ya Linux iliyonitoa jasho miaka yote, inatuma kazi kwenye seva, nayo seva inaipeleka kwa printa uliyoichagua. Siku mbili tu alimaliza! Mjomba akaanza kusema tawi jipya la Kanyosha linataka kichwa kama hicho. Tawi hilo, dada, aliniahidi mimi.

Sasa nikuambie aibu yangu. Kosa lake nililiona tangu siku ya kwanza. Printa hakuzipa anwani za kudumu, ruta ndiyo inazigawia namba kila zinapowaka. Na umeme wetu unaujua: ukikatika ukarudi, namba zinaweza kubadilishana, na seva ikapeleka kazi kwa printa nyingine. Niliona, nikanyamaza. Nikawa naungoja umeme ukatike kama watu wanaongoja mwezi wa Idi.

Ulikatika Jumanne. Uliporudi, kadi za harusi za mteja mmoja zikatoka kwenye karatasi za njano za fakturi, zile za ankara, na mkataba wa wakili ukachapwa kwenye kadi zenye maua ya dhahabu. Mjomba akafoka, "Huyu mutoto, mwisho wa mwezi aende kwao!" Chanelle akanijia analia. "Kaka Rachid, mi sijue nimekosa wapi. Unisaidie, tafazali."

Nilidhani nitafurahi. Wapi! Nikakaa naye, tukaipa kila printa namba isiyobadilika, nusu saa kazi ikaisha. Mjomba akanipiga begani, akasema, "Kanyosha utaenda we." Na Chanelle hakufukuzwa.

Hajui kwamba nilijua. Alisimama mbele ya wote, hata wateja, akasema, "Mi sikujua, Kaka Rachid ndiye amenifundisha." Kisha akanipongeza kwa Kanyosha, kwa moyo mweupe kabisa. Miaka tisa, dada, mimi sijawahi kutamka "sikujua" mle ndani. Tawi nimelipata mimi, na bado ni yeye ninayemwonea wivu.

Nisalimie shemeji Djibril, na mbusu Moubarak mdogo. Mke wangu Khadidja na mama wanakusalimu sana. Mungu akukinge na kila baya la ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye, mwenye wivu wake,
Rachid