Matofali ya Papa Yaliyovunjika

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka Walikale. Umeamkaje huko Kingi? Mgongo unakuacha ulale? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo uko kwetu tangu Papa alipozikwa nami mwanawe nikanyimwa ruhusa kazini ya kuja kumlilia.

Dada Furaha aliniandikia kwamba mchwa wameumaliza msalaba wa mbao, na mvua imesawazisha kaburi mpaka wewe mwenyewe ukatafuta mahali pa kupiga magoti. Nililia mbele ya watu. Nikaamua kumtengenezea msalaba wa betoni.

Betoni ya kawaida ni nzito, nani angeipandisha mlima wetu? Lakini hapa tunajenga kwa mawe mepesi ya volkano, yale meusi yenye vitundu, yanayoletwa na lori kutoka upande wa Sake. Niliyachanganya na simenti, nikamwaga, kisha nikafanya kama Papa alivyonizoesha kwa matofali yake: nikauweka msalaba karibu na moto ukauke. Ukapasuka mikono yote miwili. Fundi wetu, Papa Mutongo, alicheka, akaacha aliponiona uso.

“Mutoto wa mufyatua matofali,” akasema, “hii haiko tofali. Moto itaiua. Inataka maji kila siku, na uifunike na majani ya ndizi.”

Wa pili haukupasuka, ila ulikunywa mvua, pembe zikamomonyoka. Ndipo akanionyesha kutwanga matofali yaliyochomwa, kuyachekecha mpaka yawe laini kama unga wa muhogo, na kutia unga huo kidogo katika simenti. Kipande tulichojaribia kimekaa mvuani na bado ni kigumu. Ukikiinua, ni chepesi vilevile.

Mama, unga wa matofali ya hapa ninao tayari, lakini nimeuacha. Nyuma ya nyumba, kwenye tanuru la Papa, kuna vipande vilivyovunjika. Kaka Bahati akishuka huku na maharage yake, umpe kikapu kimoja, nivitwange niutie unga wake katika msalaba. Papa aliwafyatulia matofali watu wa Kingi wote, naye analala bila kitu juu yake. Nataka kazi ya mikono yake imkinge mvua.

Nisalimie Dada, na Shangazi aliyemfumba Papa macho. Katekista anayekusomea haya, namwomba asiondoke upesi, akae nawe kidogo.

Mimi mwanao, ambaye hakumzika baba yake,
Hangi